Viini Vikubwa vya Buguruni

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu chochote isipokuwa ufagio. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya cha fundi sanifu wa maabara, nimevaa shati jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi mara mbili, na nilidhani nitapokewa kama bwana harusi. Mkuu wa Maabara, mtu mfupi mwenye sauti nzito, alinitazama kuanzia viatuni akaniuliza jina. Nikasema Kondo.

"Kondo, fagia kwanza," akasema. "Vumbi likiingia kwenye slaidi utamwambia mtu ana ugonjwa, kumbe ana uchafu wako."

Nilifagia wiki nzima, nikiwa nimenuna. Wiki ya pili alinikalisha mbele ya hadubini na kunipa slaidi, yaani kile kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole, ambacho hupakwa ute uliochukuliwa mwilini ili seli zake zionekane. Aliniuliza naona nini. Nikamwambia naona madoa. Akaniambia nitazame tena kwa adabu. Nilipotulia niliona kwamba kila doa lilikuwa na kitone cha bluu katikati.

"Hicho ni kiini," akasema Mkuu. "Humo ndimo seli inamoweka vinasaba vyake, maagizo yote aliyorithi mtu kwa baba na kwa mama. Nje ya kiini ni jiko na sebule. Wewe umeajiriwa kuchungulia chumba cha ndani."

Ninyi vijana mnaosomea kazi hii leo mmezikuta mashine. Sisi tulikuwa na rangi na macho. Ile rangi ya bluu hushika penye vinasaba. Vikiwa vingi hukolea, vikiwa vichache hufifia. Seli nzima huwa na kiini kidogo, cha mviringo, chenye mpaka laini. Seli inayoelekea kwenye saratani huwa na kiini kikubwa, cheusi, kilichopinda pinda, kwa sababu vinasaba vimezidi na kuvurugika. Kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yangu ilikuwa kusoma slaidi za mlango wa kizazi, na kusema kiini hiki ni kikubwa kiasi cha kawaida au kimepita kiasi. Wanawake wa mji huu niliwajua kwa viini vyao. Sura zao sikuzijua, na sikuona kwamba hilo ni jambo la ajabu.

Hapo hospitalini nilikaa miaka tisa chini ya Mkuu wa Maabara. Kisha nikahamishiwa kituo kingine chini ya Fundi Sanifu Mkuu, bwana mmoja aliyependa chai kuliko watu, ambaye alinifundisha kuisoma slaidi kama mtu anayefyeka shamba: mstari wa kwanza kwenda, wa pili kurudi, bila kuruka. Wakati huo ndipo tulipopelekwa kwenye semina, na huko nikapata mkanganyiko wangu wa kwanza.

Mkufunzi wa semina alisema vinasaba havimo ndani ya kiini peke yake. Vipo vingine, kidogo sana, ndani ya mitokondria, yaani vile vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu, huko huko nje ya kiini. Na hivyo vya nje hurithiwa kwa mama tu. Nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini hatukuambiwa mapema. Akajibu kwamba tuliambiwa kinachotutosha kwa kazi. Jibu lile liliniudhi mpaka nikamfuata Mkuu wa Maabara nyumbani kwake, alikuwa ameshastaafu, nikamweleza kwamba alinidanganya.

"Hivyo vya jikoni," akaniuliza, "unaviona kwa hadubini yako?"

"Hapana, mzee."

"Basi usinichanganye na uzee huu."

Nilirudi kazini nikaendelea kuchungulia chumba cha ndani. Lakini tangu siku ile sikuwa na uhakika kama zamani, na ninawaambia ukweli kwamba uhakika ule haukurudi tena.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa maabara binafsi Kariakoo, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka barabara ya Msimbazi, juu ya duka la vyombo vya plastiki. Ukifungua dirisha unasikia wapagazi wakiomba njia na spika zikitangaza bei za mashuka. Bosi wetu alikuwa Daktari Bingwa wa Patholojia, mama mmoja mrefu, mkali, asiyerudia neno. Alikuja Jumanne na Ijumaa kutia saini ripoti. Nilichokisoma mimi kuwa kibaya alikitazama naye. Nilichokisema ni kizima hakukigusa. Siku ya kwanza aliniambia, "Mzee Kondo, wewe ni macho yangu. Ukiwa na shaka, iandike. Usinifiche."

Basi, mwaka mmoja, wanawake wa Buguruni walianza kuwa na viini vikubwa.

Tulikuwa tunapokea slaidi kutoka kliniki kadhaa, na mojawapo ilikuwa kliniki ndogo ya Buguruni. Kwa miaka slaidi zake zilikuwa nzuri. Kisha ghafla viini vikavimba. Kwanza vilikuwa vikubwa na vimepauka, kama vimemwagiwa maji. Nikasema ni rangi yangu, imechuja. Nikatengeneza rangi mpya, kali zaidi, na slaidi nikaziacha ndani yake muda mrefu kidogo. Sasa viini vikawa vikubwa na vyeusi. Nikasema ni miwani yangu. Nikaenda kupimwa macho, nikapata miwani mpya, nikaviona vikubwa vilevile, ila sasa kwa uwazi zaidi. Nikamsumbua fundi wa hadubini akaja kusafisha lenzi. Nikafikiri juu ya maji ya visima, juu ya mafuriko ya bonde la Msimbazi, hata juu ya krimu za kujichubua. Kila nadharia niliishika siku mbili ikaniponyoka.

Nilipokwisha kubadili kila kitu kilichokuwa changu, nikaona sina budi kukubali ninachokiona. Nikaandika ripoti: mabadiliko makubwa, hatari. Daktari Bingwa alitazama rangi ile iliyokolea, akakunja uso, akatia saini. Mojawapo ya ripoti hizo ilikuwa ya mwanamke aliyeitwa Aikande.

Siku nne baada ya ripoti kutoka, alipanda ngazi zetu mwenyewe. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, miaka thelathini na minane, kilemba kimefungwa vizuri, simu mbili mkononi. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, mama. Majibu tumeshayapeleka kwa daktari wako."

"Majibu ninayo." Aliweka bahasha mezani. "Nimekuja kuona."

"Kuona nini?"

"Hicho kilichoandikwa humu. Mimi nauza mapazia hapo mtaa wa nyuma, mzee. Mteja hanunui pazia kwa kusimuliwa. Analishika, analinyoosha, analipeleka kwenye mwanga. Jumatatu naenda kukatwa. Nionyeshe ninachokatiwa."

Haikuruhusiwa. Mgonjwa huongea na daktari wake, si na fundi. Nikaanza kumweleza hivyo, naye akanikatiza kwa upole akanieleza mambo yake. Ameolewa miaka kumi na mmoja. Mimba mbili zimetoka. Daktari amepanga kukata sehemu ya mlango wa kizazi ili kuondoa seli mbaya, na amemwambia wazi kwamba ukishakatwa, mlango ule huenda usiweze kushikilia mimba nyingine. Hakulia. Alieleza kama anayeeleza kwa nini mzigo umechelewa bandarini. Nikaona aibu kumfukuza, nikamvutia kiti kwenye hadubini ya kufundishia, ile ambayo watu wawili hutazama slaidi moja kwa pamoja.

Aliinama akatazama.

"Haka ka bluu ndiko kabaya?"

"Hicho ni kiini. Kila seli inacho. Ubaya ni ukubwa wake."

"Na mtoto, angerithi kutoka humo?"

"Humo. Nusu kutoka kwako, nusu kwa baba yake." Ningeishia hapo, lakini ile semina ilikuwa imenikaa kooni kwa miaka. Nikaongeza, "Na kingine kidogo kipo nje ya kiini, hukioni hapa. Hicho ni cha mama tu. Mama humpa binti, binti humpa mtoto wake. Mwana wa kiume anacho lakini hampi mtu."

Aliondoa macho kwenye hadubini.

"Mama yangu alizaa wavulana wanne na mimi," akasema. "Basi hicho cha kwake kinaishia kwangu."

 Nikazungusha skrubu ya hadubini ingawa picha ilikuwa wazi kabisa. Nilitamani semina ile isingekuwepo.

Alirudi kutazama. Alinitaka nisogeze slaidi, huku, kule, mpaka kwenye pembe. Kisha akauliza, "Mbona yote yamevimba?"

"Mengi yamevimba, ndiyo maana tukaandika..."

"Sijasema mengi, mzee. Nimesema yote. Hata haya ya pembeni. Jora la kitambaa likilowa maji linaharibika lote. Likiliwa na panya linaharibika pale panya alipokaa. Huu ugonjwa ni maji au ni panya?"

"Ni panya," nikasema.

"Basi huyu panya amekula jora zima kwa siku moja?"

Nilimwambia arudi dukani, nitamtafuta. Alipoondoka nilitoa slaidi zote za Buguruni za miezi mitatu nikazipanga mezani. Nilizitazama moja baada ya nyingine, safari hii nikitafuta kilicho kizima badala ya kilicho kibaya. Sikukipata. Wasichana na akina bibi, viini vyote vimevimba kwa kipimo kimoja. Kisha nikatoa slaidi za kliniki nyingine, zilizotiwa rangi ileile siku zilezile. Viini vyake vilikuwa vidogo, vizuri, vya kawaida. Nikavua miwani nikakaa. Nilijisikia mpumbavu, na bado sikuelewa upumbavu wangu uko wapi.

Nilijua kwamba seli ikikauka kabla ya kuingia kwenye spiriti ya kuihifadhi, kiini chake huvimba. Nilifundishwa hilo, nikalifanyia mtihani, nikaufaulu. Lakini slaidi za Buguruni zilitufikia ndani ya chupa ya spiriti, zimelowa chapachapa. Haikunijia akilini kwamba kilicholowa huenda kiliwahi kukauka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Buguruni. Muuguzi wa kipimo hicho alikuwa Sista Mwanahawa, mama wa makamo mwenye sifa mji mzima. Wanawake walikuwa wanatoka Kariakoo, wanapita vituo vitatu njiani, ili wapimwe na yeye, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake ulikuwa mtamu. Nikamwambia nataka kujua anavyofanya. Akaniuliza kama nimerukwa na akili, mwanamume nitaingiaje chumba kile. Tukakubaliana kwamba nitakaa nje ya pazia, mgonjwa akubali, nami nisikilize tu.

Mgonjwa alikuwa bibi mmoja mcheshi, akakubali akicheka. Nikakaa kwenye stuli, saa mkononi. Nilisikia Sista akimwelekeza, nikasikia, "Tayari bibi yangu, tumemaliza, pole sana." Nikajua slaidi imeshapakwa. Nikasubiri mlio wa kioo kuingia kwenye chupa. Nilichosikia ni, "Shika mkono wangu. Taratibu. Usishuke upesi utapata kizunguzungu." Kisha mtandio wa khanga ukikung'utwa. Kisha, "Jifunge vizuri, hii ncha imetoka." Kisha habari za mkwe wa bibi yule, ambazo zilikuwa ndefu na Sista alizipokea kwa moyo wote. Juu ya sauti hizo zote nilisikia mvumo mmoja usiokatika. Ndipo hatimaye kioo kikagonga chupa, ting. Nikatazama saa. Dakika nne.

"Sista," nikasema, "huo mvumo ni wa nini?"

"Feni. Tulifungiwa mwanzoni mwa mwaka. Kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wanazimia kwa joto."

Nikamweleza kwamba slaidi ilitakiwa iingie kwenye spiriti papo hapo, kabla ya kuhesabu tano. Zamani, bila feni, ute ulivumilia kwa sababu ya unyevu wa chumba. Sasa feni inaukausha kabisa, viini vinavimba, na mimi kule Kariakoo naandika saratani. Sista Mwanahawa alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekasirika, lakini si kwa sababu niliyoitarajia.

"Mzee Kondo, mtu amelala pale uchi, ameona haya, anatetemeka. Unataka nimpe mgongo nihangaikie kioo?"

 Ndugu zangu, nimelitafuta jibu la swali hilo mpaka leo. Tulichofanya ni kuisogeza chupa mpaka kando ya goti lake, mkono wa kulia, ili aweze kutumbukiza slaidi bila kuondoa macho usoni mwa mgonjwa. Jambo la nusu dakika. Kwa miezi mitatu hakuna aliyelifikiria, mimi wa kwanza.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana hilo la feni lilikuwa la wengi. Nilipotoka Buguruni nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa Daktari Bingwa. Badala yake nilishuka Kariakoo nikakata mtaa wa nyuma, nikamkuta Aikande dukani kwake amesimama juu ya ngazi, anashusha jora. Nilikuwa na furaha kama mtoto aliyefaulu. Nikamwambia, "Mama, ni maji. Si panya. Ni feni tu."

Alishuka ngazi polepole akakaa juu ya mzigo wa vitambaa. Nikamweleza yote. Alinishika mikono miwili mbele ya wateja wake, akasema, "Mungu akubariki, baba," kisha akampigia mumewe simu na kuanza kuzungumza Kichaga kwa kasi, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Mimi nilipewa soda. Niliinywa kwa raha sana.

Daktari Bingwa hakunipa soda.

"Vizuri umegundua," akasema. "Umemwambia mgonjwa?"

"Ndiyo, daktari."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba ni feni."

"Umejuaje kwamba kwake ni feni?"

"Slaidi zote za Buguruni..."

"Nimekuuliza ya kwake. Slaidi iliyokauka haisemi ni nzima, Mzee Kondo. Haisemi kitu chochote. Ulipaswa kumwambia hatujui."

Nikasimama pale kama ile siku ya ufagio. Alizifuta ripoti zote za kliniki ile, akasimamisha upasuaji, akaagiza wanawake wote waitwe wapimwe upya baada ya wiki sita, ili seli ziote vizuri. Bahati ilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa amekwisha kukatwa. Aikande ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya upasuaji. Nilitaka kurudi dukani kumwambia kwamba nilisema zaidi ya ninachokijua. Nilifika mpaka kona ya mtaa wake mara mbili. Nilimwona anacheka na wateja, anapima vitambaa, anaimba kitu. Mara zote mbili niligeuza njia. Nilijiambia kwamba wiki sita si nyingi, na majibu yatakuwa mazuri, na nitakuwa nimejisumbua bure.

Wiki sita zikapita, slaidi mpya zikaja. Zilikuwa nzuri kama zamani. Viini vidogo, mviringo, mpaka laini, kimoja baada ya kingine. Akina mama wote wa Buguruni walikuwa wazima na nilizisoma slaidi zao nikipiga mluzi. Ya Aikande niliiweka ya mwisho kama mtu anayebakiza nyama. Nikaanza kuifyeka mstari kwa mstari, kwenda na kurudi. Safi. Safi. Kwenye mstari wa tatu kutoka mwisho, ukingoni, kulikuwa na seli saba zimekumbatiana. Viini vyake vilikuwa vikubwa, vyeusi, vimepinda, na majirani zake wote wakiwa wazima.

Nilisafisha lenzi. Nilivua miwani nikaifuta kwa shati. Kisha nikamsubiri Daktari Bingwa, ilikuwa Ijumaa, nikampa kiti.

"Hii ni kweli," akasema.

"Kwa hiyo ile ripoti yangu ya kwanza..."

"Ilikuwa sahihi."

"Daktari, nilikuwa nasoma feni."

"Ulikuwa unasoma feni, na nyuma ya feni kulikuwa na ugonjwa." Akainuka. "Mwite. Na safari hii nitaongea naye mimi."

Alikuja. Alipoona Daktari Bingwa ndiye aliyempokea mlangoni, alielewa kabla ya kuambiwa. Alisikiliza maelezo yote, kisha akaomba jambo moja, kuona. Daktari Bingwa, ambaye sikuwahi kumwona akivunja utaratibu, alinitazama akaitikia kwa kichwa. Nikaweka slaidi. Sikuhitaji kumwonyesha kwa mshale ulio ndani ya hadubini. Alizungusha macho akafika mwenyewe.

"Panya," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ile mara ya kwanza ulipoandika ni mbaya, ulijua?"

"Hapana. Nilidhani najua."

"Na ulipokuja dukani?"

"Hapana, mama."

"Na sasa?"

"Sasa daktari anajua. Mimi namfuata yeye."

Alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka, akasema angalau leo nimesema ukweli. Jumatano iliyofuata alikatwa. Kipande kilikuja kwetu, tukakisoma. Ugonjwa ulikuwa mdogo, mwanzoni kabisa, na kingo za kipande zilikuwa safi, maana yake ulitoka wote. Alipona. Miaka imepita na yupo, anauza mapazia, ameongeza na mazulia.

Mtoto hakupata. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi kuliko penginepo pote. Hakuna anayeweza kusema kama ni kile kisu, au ni umri, au ni jambo lilelile lililotoa zile mimba mbili za kwanza. Wakati mwingine nasema tuliokoa maisha yake, na ni kweli. Wakati mwingine nasema nisingeisoma feni, nisingeandika ile ripoti, asingekuja kuona, nisingepeleleza, na slaidi yake ya kwanza ingebaki imekauka, haisemi kitu. Sijui nijisifu kwa lipi na nitubu kwa lipi. Nimejaribu kupanga mambo haya kwa mfuatano, kama tulivyofundishwa kupanga sampuli, na kila nikiyapanga jibu linatoka tofauti.

Siku ya kuniaga kazini walinipa saa ya ukutani na shuka mbili. Meneja alisoma hotuba. Alisema katika miaka yake yote Mzee Kondo hakuwahi kupitwa na seli mbaya, na akatoa mfano wa ripoti moja ya Buguruni ambayo watu waliitilia shaka na mwisho ikathibitika. Niliinuka nikasema kwamba ripoti ile niliipata kwa makosa, kwamba nilikuwa nimesoma upepo. Watu wakacheka wakapiga makofi, wakidhani ni unyenyekevu. Daktari Bingwa peke yake hakupiga. Alikuja baadaye akanishika bega, akaniambia nile, chakula kinapoa.

Siku hizi nasikia mashine hutafuta moja kwa moja vinasaba vya kirusi kinachosababisha ugonjwa ule, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe bila kuvuliwa nguo na mtu. Nafurahi sana kwa hilo, na Sista Mwanahawa angefurahi zaidi. Lakini ninyi mtakaozisoma hizo mashine, pale msipojua, semeni hamjui, hata kama aliye mbele yenu anawaomba kwa macho mseme vingine. Ningelijua hilo mapema ningemaliza kazi nikiwa mtu mwepesi.

Mwaka jana mke wangu alinituma pazia la chumbani. Nikaenda kwa Aikande, maana kwenda kwingine kungekuwa kumkimbia. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanikatia kitambaa na kunipunguzia. Duka lilikuwa na utulivu wa saa sita. Nikaona niseme. Nikamwambia kwamba kati ya makosa yangu yote, zile wiki sita ndizo zinazoniuma. Nilimpa furaha ambayo haikuwa yangu kumpa. Nikamwomba radhi.

Aliendelea kukunja kitambaa mpaka kikakaa sawa.

"Zile wiki sita, mzee, nilikwenda soko la Mchikichini," akasema. "Nilichagua nguo za mtoto. Mitumba mizuri, ile ya daraja la kwanza. Sweta, soksi, kofia ya njano. Nilizifua, nikazipiga pasi. Mume wangu hajui, na sitamwambia."

Nikaanza kusema pole. Akainua mkono kunizuia.

"Sikulaumu. Ndizo wiki nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na wewe ndiye uliyezileta. Nakuambia kwa sababu siku nikiondoka, ndugu watakuja kufungua duka hili, na sitaki wazikute wazitupe bila kujua ni za nani. Lazima mtu mmoja ajue nimeziweka wapi." Akanyoosha kidole kuelekea shelfu ya juu kabisa. "Pale, nyuma ya majora meupe."

Nilimwambia nimesikia. Kuinua macho nilishindwa.